Roma locuta: neno ambalo Mtakatifu Augustino hakulisema

Zamani, nilipokuwa ningali mseminari, nilikaa katika mkutano wa makatekista wa misioni moja. Katekista mzee alisimama akauliza neno juu ya ndoa ya mjane wa kijiji chake. Shauri lile alikuwa amelileta mara mbili mbele ya siku hiyo. Padri alimwacha aseme kidogo tu, kisha akajibu kwa Kilatini: Roma locuta, causa finita. Mzee akanigeukia nimfasirie. Nikamwambia: «Roma imesema, shauri limekwisha.» Akauliza: «Ni nani aliyesema hivyo?» Nami nikajibu kwa kiburi cha kijana: «Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu.» Mzee akaketi. Angeshindanaje na mtakatifu?

Miaka mingi ilipita mpaka nilipoifungua hotuba yenyewe. Ni ile ya 131, iliyohubiriwa Carthage tarehe 23 Septemba 417. Nilisoma mara mbili, nikitafuta usemi wetu. Haumo.

Tuyaone mambo yalivyokuwa. Pelagius, mmonaki kutoka Britania, alifundisha kwamba mtu aweza kushika amri zote za Mungu kwa nguvu ya hiari yake. Mwanafunzi wake Caelestius alisema dhambi ya Adamu ilimdhuru Adamu peke yake. Kwa ajili hiyo alihukumiwa Carthage tangu 411. Lakini mwezi wa Desemba 415 maaskofu wa Palestina, waliokutana Diospolis, walimwona Pelagius hana kosa. Maaskofu wa Afrika wakastuka. Mwaka wa 416 wakafanya makonsilio mawili, moja Carthage, moja Milevis, wakamwandikia Papa Innocentius I. Januari 417 Papa akawajibu na kuwakubalia. Tarehe 12 Machi akafa.

Basi mwezi wa Septemba Augustino aliwaeleza wakristu kwamba makonsilio mawili yamepeleka jambo hili kwenye Kiti cha Mtume, na majibu yamerudi. Kwa hiyo shauri limekwisha. Halafu akaongeza neno ambalo wasemaji wetu hawalitaji kamwe: alitamani kosa lenyewe nalo liishe siku moja.

Mnaona tofauti, ndugu? Katika usemi wetu, mmoja anasema na wote wananyamaza. Katika hotuba, maaskofu wamekusanyika, wamechunguza, wameandika, wamengoja, wamejibiwa. Shauri lilikwisha kwa kuwa lilisikilizwa, kwanza huku Afrika, kisha Roma. Mzee wetu hakupata hata lile la kwanza.

Na kumbe halikuwa limekwisha! Papa mpya, Zosimus, alikuwa amemsikiliza Caelestius katika kanisa la Mtakatifu Klementi kule Roma. Alisoma pia maungamo ya imani ya Pelagius, akayaona mema. Akawaandikia Waafrika barua mbili, akawakemea kwa haraka yao, akawapa washitaki miezi miwili wafike mbele yake. Barua ya pili ina tarehe 21 Septemba, yaani siku mbili tu mbele ya hotuba ile. Haikuwezekana iwe imefika Carthage. Augustino anawaambia watu shauri limekwisha, na huko Roma limefunguliwa tena!

Waafrika hawakukubali. Waliandika tena, wakaeleza tena. Tarehe 30 Aprili 418 Kaisari Honorius aliamuru Pelagius na Caelestius wafukuzwe Roma. Kesho yake maaskofu zaidi ya 200 walikutana Carthage wakalihukumu fundisho lile. Mwaka ule ule Zosimus naye akalihukumu kwa barua aliyoipeleka kwa makanisa yote. Hata hivyo Julianus, askofu wa Eclanum, alikataa kutia sahihi pamoja na maaskofu wengine wa Italia. Augustino alibishana naye miaka mingi. Alipokufa tarehe 28 Agosti 430 kitabu cha kumjibu kilikuwa bado mezani, hakijaisha. Mwaka uliofuata Konsilio la Efeso likawahukumu tena wafuasi wa Caelestius.

Sielezi haya ili kupunguza enzi ya Papa. Zosimus hakufundisha uzushi. Alimwamini mtu aliyeahidi utii kwa ulimi mtamu, na Augustino mwenyewe alimtetea baadaye. Kinachonichukiza ni kuona maneno ya kesi ndefu namna ile, yenye uvumilivu mwingi, yanageuzwa kuwa komeo la mlango.

Tertullianus, Mwafrika mwingine wa Carthage, tumemtendea vivyo hivyo. «Naamini kwa sababu ni upuzi»: wengine wanampa Augustino usemi huo, wengine Tertullianus, na wapinzani wa dini wanaufurahia sana. Tertullianus hakuuandika hivyo. Alikuwa anamjibu Marcion, aliyeona haya kukiri kwamba Mwana wa Mungu alikuwa na mwili wa kweli na akafa. Akashika njia ya Mtakatifu Paulo juu ya upumbavu wa Mungu unaopita hekima ya watu. Hakutukana akili, alikuwa anaitumia, tena kwa ukali. Na ule wa damu ya wamartiri, tunaousikia kila mwaka katika sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, yeye aliuandika mwaka wa 197 kwa watawala wa Roma, akisema juu ya damu ya wakristu tu. Hapo kosa ni dogo, silikasirikii. Lakini atakayeniambia tena kwamba «Ujisaidie, na Mungu atakusaidia» imo katika Evanjili, nitampa Biblia anionyeshe mahali. Ni ya mithali za La Fontaine, na mbele yake za Wagiriki.

Usemi wa Mtakatifu Sipriano ndio mzito kuliko yote. Nilikuwa kwenye maziko ya mzee asiyebatizwa. Katekista kijana akamwambia binti yake, mbele ya kaburi lililo wazi: «Nje ya Eklezia hakuna wokovu.» Yule mama hakurudi kanisani tena.

Sipriano aliandika maneno hayo mwaka wa 256, katika barua ya 73, juu ya waeretiki waliojitenga na Eklezia wakabatiza huko nje. Yeye alisema batizo lao si kitu. Wazee wa vijijini ambao hawajasikia Evanjili hakuwa anawawaza. Tena katika neno lile la batizo Papa Stefano I alimpinga, na Eklezia ilimfuata Stefano.

Huko Boston, Marekani, Padri Leonard Feeney alikaza usemi huo bila kulegeza, akiwafungia mbingu wote wasiobatizwa. Tarehe 8 Agosti 1949 Roma ilimwandikia Askofu Mkuu wa Boston kwamba mtu asiyeijua Eklezia, lakini ana nia ya kweli ya kumtii Mungu pamoja na imani na mapendo, aweza kuokoka. Konsilio la Vatikano lilisema hivyo tena mwaka wa 1964. Feeney hakusikia. Aliitwa Roma, akakataa kwenda, na mwaka wa 1953 akatengwa na Eklezia. Alikaa nje karibu miaka 20, mpaka alipopatanishwa mwaka wa 1972.