Niazime: Ugomvi wa Gemu wa Mwaka 2013 na Kitabu cha Mwaka 1904

Video yenyewe haifiki hata nusu dakika. Wanaume wawili wamesimama, maandishi yanatangaza kwamba haya ni maelekezo rasmi ya namna ya kuazimana gemu kwenye PlayStation 4. Hatua ya kwanza: mmoja anampa mwenzake kasha la gemu. Mwenzake anashukuru. Basi, imeisha. Hakuna hatua ya pili.

Walikuwa Shuhei Yoshida na Adam Boyes, wote vigogo wa Sony, na ilikuwa Juni 2013, wiki ya maonyesho ya E3 jijini Los Angeles. Niliitazama kwenye simu ya rafiki, ikikwama kila baada ya sekunde chache, na tulicheka mpaka watu wakatugeukia. Ili uelewe kwa nini kumpa mtu kasha la plastiki kulikuwa kichekesho, lazima nirudi nyuma siku chache.

Mwezi Mei mwaka ule Microsoft walikuwa wametambulisha mashine yao mpya, Xbox One. Juni 6 wakatoa masharti yake. Mashine ingetakiwa kuingia kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo hutochezi kitu. Gemu uliyoinunua kwenye diski ingesajiliwa kwenye akaunti yako, na kuanzia hapo diski ingekuwa ganda tu. Ukitaka kumpa rafiki gemu yako, unaruhusiwa, ila awe kwenye orodha yako ya marafiki kwa siku zisizopungua 30, na gemu hiyo ingetolewa mara moja tu maishani mwake. Ukitaka kuiuza kama mtumba, uipeleke kwa wauzaji waliokubaliwa, tena kama kampuni iliyoitengeneza gemu imeridhia.

Msomaji, hebu yasome masharti hayo tena, na kila penye neno gemu weka neno kitabu.

Jumatatu ya Juni 10 kampuni zote mbili zilipanda jukwaani. Microsoft walitaja bei ya dola 499. Jioni Jack Tretton wa Sony akasimama na kusema kwamba PlayStation 4 haitaweka vizuizi vyovyote vipya kwa gemu za diski zilizotumika, kwamba haihitaji kupiga hodi kwenye intaneti kila siku, na kwamba utaweza kuiuza gemu yako, kumwazima rafiki, au kukaa nayo milele. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bei ikatajwa: dola 399. Wiki hiyohiyo Don Mattrick, aliyekuwa mkuu wa Xbox, aliulizwa kuhusu watu wasio na intaneti ya uhakika, akajibu kwamba kwa ajili yao wanayo bidhaa tayari, inaitwa Xbox 360. Yaani mashine ya zamani.

Jibu lile lilituuma sisi wa mbali kuliko masharti yenyewe. Mtaani kwetu kulikuwa na banda la gemu: televisheni tatu, mashine zilizochoka, unalipa kwa mechi, na diski zinazunguka kutoka banda hadi banda kama sufuria za shughuli. Modemu ya kuchomeka ilikuwa mali ya mtu mmoja nyumba ya nne. Hata hivyo hakuna aliyekuwa akitufikiria. Xbox One ilipoanza kuuzwa Novemba ilianzia katika nchi 13, na hakuna hata moja ya Afrika. Tulikuwa tunagombania karamu tusiyoalikwa.

Microsoft hawakufika hata wiki mbili. Juni 19 walifuta karibu yote: hakuna kuingia mtandaoni kila saa 24, diski zitafanya kazi kama zamani, uza, azima, gawa. Julai 1 ikatangazwa kwamba Mattrick anaondoka kwenda kampuni ya Zynga. Wapenzi wa gemu walisherehekea kama walioshinda uchaguzi.

Hapa ndipo hadithi hii husimuliwa na kuachwa. Mimi pia niliiacha hapo kwa miaka. Nimeirudia kwa sababu, kadiri ninavyozidi kusoma historia ya vitabu, ndivyo ninavyoona kwamba ule haukuwa ugomvi mpya hata kidogo.

Mwaka 1904 kampuni ya uchapishaji ya Bobbs-Merrill, ya Indianapolis, ilitoa riwaya ya Hallie Erminie Rives iitwayo The Castaway. Ndani yake, chini ya tangazo la hakimiliki, walichapa onyo: bei ya kitabu hiki ni dola moja, na hakuna muuzaji mwenye leseni ya kukiuza kwa chini ya hapo, atakayefanya hivyo atahesabiwa amevunja hakimiliki. Angalia neno hilo, leseni, limekaa ndani ya riwaya ya mapenzi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Duka la Macy's la New York likakiuza kwa senti 89. Wachapishaji wakaenda mahakamani kuwashitaki wenye duka, ndugu wawili, Isidor na Nathan Straus. (Isidor ndiye yule aliyezama na Titanic mwaka 1912 pamoja na mkewe.)

Juni 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi wenye duka. Kwa lugha ya mtaani hukumu ile ilisema hivi: ukishauza nakala, umeuza. Huwezi kuifuata mpaka sebuleni kwa mnunuzi na kumwamuru aiuzeje. Unabaki na haki ya kuzuia watu wasichapishe nakala nyingine, lakini ile moja iliyotoka mkononi mwako imetoka. Mwaka uliofuata kanuni hiyo iliingizwa kwenye sheria ya hakimiliki, na humo imebaki hadi leo. Maduka ya vitabu vya mitumba na yale ya kukodisha kanda za video, pamoja na maktaba, yamesimama juu yake. Gemu nazo. Nintendo waliipinga sana biashara ya kukodisha gemu nchini Marekani. Mwaka 1989 waliishitaki Blockbuster, si kwa kukodisha bali kwa kutoa fotokopi za vijitabu vya maelekezo, maana hapo ndipo sheria ilipowapa upenyo. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipopiga marufuku kukodisha programu za kompyuta, gemu za mashine za nyumbani ziliachwa nje ya marufuku hiyo.

Kwa hiyo walioshangilia E3 walikuwa wanatetea hukumu ya 1908 bila kuijua kwa jina. Swali langu ni kama waliitetea vizuri.

Katika masharti yaleyale ya Microsoft kulikuwa na kitu ambacho kelele zilikifunika. Mtu angeweza kuwafungulia hadi watu kumi wa familia yake maktaba ya gemu zake, nao wangezicheza kutoka mashine yoyote ya Xbox One, popote walipo. Nani hasa angehesabiwa ndugu, na wangapi wangecheza kwa wakati mmoja, maelezo hayakuwahi kunyooka. Tetesi zikaenea kwamba ingekuwa ni kuonja kwa saa moja tu, maofisa wa Microsoft wakakanusha. Hatukupata kujua, kwa sababu Juni 19 mpango huo ulifutwa pamoja na mengine. Baadaye kidogo wakajitokeza watu na ombi la kutaka urudishwe, wakachekwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Leo nadhani tuliwaonea. Masharti ya saa 24 yalistahili kufa, sina shaka, lakini wale watu walikuwa wameuliza swali ambalo sisi wengine hatukuliuliza: diski zikiisha, tutaazimanaje?

Kiswahili kinanisaidia hapa kuliko Kiingereza. Sisi tunatofautisha kukopa na kuazima. Ukikopa unga kwa jirani, hurudishi unga uleule, ulishaliwa. Unarudisha kiasi kilekile. Ukiazima sufuria, unarudisha sufuria ileile, na kwa muda wote ilipokuwa kwako jirani alipikia nyingine. Kuazima kunataka vitu viwili: kitu chenyewe kiwe kimoja, na mwenye nacho akikose kwa muda. Kitabu kina sifa hizo. Diski inazo. Faili la kompyuta halina hata moja.

Mahakama ziliona hivyohivyo. Machi 2013, miezi mitatu tu kabla ya makofi ya Los Angeles, jaji mmoja jijini New York aliamua kesi ya ReDigi, kampuni iliyotaka kuwa soko la mitumba la nyimbo za kidijitali. ReDigi walidai kwamba wimbo unapouzwa unahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, haubaki nyuma. Jaji akasema hapana: faili likihama, kinachofika kule ni nakala mpya, na kutengeneza nakala ni haki ya mwenye hakimiliki peke yake. Hakuna “ileile”. Rufaa ilishindwa mwaka 2018. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka Uholanzi kuhusu vitabu vya kielektroniki vya mitumba, ikafunga mlango huohuo kwa upande wake.

Kwa hiyo wakati tunashangilia ukumbini, haki tuliyoishangilia ilikuwa imekwisha kuambiwa kwamba haivuki mto. Ilibaki ng'ambo pamoja na plastiki. Watu wakaendelea kuhama, mwaka hadi mwaka, kutoka kwenye diski kwenda kupakua, kwa hiari yao, kwa sababu ni rahisi na hutoki nyumbani. Sisi wasomaji tulikuwa tumeonywa mapema zaidi. Julai 2009 Amazon walifuta nakala za 1984 na Animal Farm kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziweka dukani hakuwa na haki nazo. Pesa zilirudishwa na Jeff Bezos akaomba radhi. Lakini mwenye nakala ya Shamba la Wanyama iliyochakaa kwenye rafu yake hahitaji radhi ya mtu.

Jimbo la California liliona aibu hiyo. Tangu Januari 2025 sheria yake inazuia duka la kidijitali kutumia neno “nunua” bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Yaani miaka 121 baada ya The Castaway, lile onyo la Bobbs-Merrill limerudi, safari hii kwa nguvu ya sheria.

Mwaka huohuo 2025 Nintendo walileta jawabu lao, na wapenzi wa gemu wakaanza kubishana upya. Kabla kidogo ya Switch 2, iliyotoka Juni 5, walileta kile walichokiita kadi pepe ya gemu. Gemu uliyoipakua inafanywa kama kadi. Unaweza kumwazima mtu wa kikundi cha familia yako kwa siku 14, mashine zenu zikiwa karibu wakati wa kukabidhiana. Ikiwa kwake, wewe huichezi. Siku zikiisha, inarudi yenyewe.

Waliokasirika walisema ni upuuzi kuifanya kompyuta ijifanye haiwezi kunakili, wakati Steam ilikwisha kuruhusu familia ya watu sita kuchanganya maktaba zao. Nawaelewa. Ila mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilitabasamu, kwa sababu mtu hatimaye alikuwa ameigiza kuazima kwa ukamilifu: kitu kimoja, na mwenye nacho akikikosa. Kasoro ni kwamba sufuria hii inajirudisha yenyewe, na anayeamua nani ni jirani ni fundi aliyeifinyanga.

Pamoja na kadi pepe kukaja pia kadi za plastiki ambazo ndani hazina gemu, zina ufunguo tu wa kwenda kuipakua. Hizi unaweza kuziuza na kuziazimisha kama diski. Lakini Maktaba ya Taifa ya Bunge la Japani, inayotunza gemu kama inavyotunza vitabu, imesema hazihesabiki kwenye mkusanyiko wake, kwa kuwa kilichomo si kazi yenyewe. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mkutubi anakabidhiwa kasha, analifungua, na kwa utaratibu wa kazi yake anasema humu hamna kitu.

Kwenye kabati langu kuna diski ya PlayStation 3 iliyoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Si jina langu. Mwenye nayo aliniazima mwaka uleule wa makofi, kisha akahamia Mwanza, na mimi nikawa mdaiwa sugu. Wiki iliyopita nilimwandikia kumwuliza kama bado anaitaka. Akanijibu kwamba mashine ya kuichezea alishaiuza siku nyingi, lakini niitunze, Desemba akija ataipitia.