Batli ya Seva na Hesabu ya Wageni

Chombo kisafiricho bahari kuu huwa na kitabu ambamo huandikwa kila siku mambo ya safari: mwendo wa chombo, upande wa upepo, saa nchi kavu ilipoonekana, na ajali kama imetokea. Mabaharia wa pwani yetu walikiita batli. Waingereza hukiita kwa neno lenye maana ya gogo, na sababu yake ni hii. Tangu karne ya 16 mabaharia wao walipima mwendo kwa kutupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo. Wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi kwa muda maalumu, kisha wakaiandika hesabu hiyo kitabuni. Ubao umekwisha kuachwa, lakini jina limebaki, nalo limehama kutoka merikebuni hata likafika kwenye kompyuta. Kompyuta itunzayo kurasa za tovuti na kuwapelekea wazitakao, ambayo huitwa seva, nayo ina batli yake. Nataka tuifungue, msomaji, tuone jinsi ilivyotwikwa kazi ambayo haikuandikiwa.

Seva ya kwanza ya tovuti ilianza kazi mwishoni mwa mwaka 1990 katika CERN, maabara ya utafiti wa chembe za atomu iliyo karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Aliyeibuni ni Mwingereza Tim Berners-Lee. Mwaka 1991 aliitangaza kazi yake nje ya maabara, na kama afanyavyo mtu yeyote aliyefungua duka mahali papya, alitaka kujua kama kuna watu wanaopita mlangoni. Jibu alilipata katika batli. Tangu majira ya joto ya 1991 hata yale ya 1994, kazi ya seva hiyo iliongezeka mara 10 kila mwaka. Asiyejua lolote kuhusu kompyuta angeweza kuielewa hesabu hiyo: 10 hugeuka 100, na 100 hugeuka 1,000, miaka 2 inapotimia.

Lakini kilichohesabiwa kilikuwa nini hasa? Si watu. Yalikuwa ni maombi. Mtu anapotaka kuona ukurasa, programu aitumiayo, yaani kivinjari, hupeleka ombi kwa seva. Seva hulijibu, kisha huandika mstari mmoja katika batli yake. Katika miaka hiyo seva iliyopata kupendwa na wengi ilitengenezwa mwaka 1993 katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na namna ya kuandika mstari huo ikawa ya kawaida kwa seva za wengine pia, ikiwamo Apache iliyotokana nayo mwaka 1995. Mstari wenyewe huwa hivi:

192.0.2.15 - - [10/Mar/2015:08:14:32 +0300] "GET /matokeo.html HTTP/1.1" 200 5120

Usiogope sura yake. Namba za mwanzo ni anwani ya kompyuta iliyoomba. Vistari viwili vifuatavyo ni nafasi za jina la mwombaji, nazo karibu kila mara huwa tupu, na hili ulikumbuke, maana tutalirudia. Kisha yafuata tarehe na saa, 10 Machi 2015, saa mbili na dakika 14 za asubuhi kwa hesabu yetu, katika nchi ambayo saa zake zimetangulia zile za Greenwich kwa saa 3. Ndani ya alama za kunukuu limo ombi lenyewe: nipe ukurasa uitwao matokeo. Namba 200 ni jibu la seva kwamba mambo ni salama. Ingekuwa 404, maana yake ukurasa huo haupo. Ingekuwa 500, seva yenyewe ingekuwa imepatwa na hitilafu. Mwisho ni ukubwa wa kilichopelekwa, baiti 5,120.

Baadaye ziliongezwa habari mbili: jina la kivinjari, na ukurasa ambao mwombaji alitokea. Hii ya pili huitwa kwa neno la Kiingereza lililokosewa tahajia, herufi r moja ikiwa imesahauliwa. Kosa hilo limo hata katika hati ya kanuni iliyotolewa mwaka 1996, kwa kuwa lilikwisha kuenea katika programu nyingi mno, ikaonekana afadhali kuliacha. Sisi walimu wa lugha hatuna la kufanya.

Sasa litazame tena jambo moja. Kila kitu kilichomo katika mstari huo kina faida kwa fundi. Humwonyesha ni ukurasa gani umepotea, ni saa gani seva ililemewa, na mzigo ulikuwa mkubwa kiasi gani. Batli iliandikwa kwa ajili yake. Hapakuwa na mtu aliyekaa akafikiri namna ya kuhesabu wasomaji.

Hata hivyo, mwanzoni hesabu ya mistari haikuwa mbali na ukweli, kwa kuwa ukurasa ulikuwa maandishi matupu, na mtu akifungua ukurasa mmoja mstari mmoja huandikwa. Mwaka 1993 hali hiyo iligeuka. Vijana wawili wa kituo kile kile cha NCSA, Marc Andreessen na Eric Bina, walitoa kivinjari kiitwacho Mosaic, ambacho kiliweza kuonyesha picha katikati ya maandishi. Watu walikifurahia sana. Lakini kila picha huombwa peke yake, na kila ombi lina mstari wake. Ukurasa wenye picha 10 huandika mistari 11. Msomaji ni yule yule mmoja, ukurasa ni ule ule mmoja, bali hesabu imepanda mara 11, na ukiongeza picha nyingine 10 katika ukurasa wako utaonekana umepata umaarufu maradufu kwa usiku mmoja.

Maombi haya Waingereza waliyaita kwa neno lenye maana ya pigo, nasi tuyaite mapigo. Mnamo Oktoba 1994 gazeti la tovuti la Marekani, HotWired, lilianza kubandika matangazo ya kulipiwa, na mwenye kulipa hutaka kujua tangazo lake limeonwa na watu wangapi. Wenye tovuti wakajibu kwa mapigo, kwani hiyo ndiyo namba waliyokuwa nayo, tena ndiyo kubwa kupita zote. Mtu akisema tovuti yake ina mapigo milioni moja kwa mwezi hasemi uongo. Ila aliyemsikia hudhani ameambiwa habari za watu milioni moja.

Basi zikatungwa programu za kuisoma batli na kuifanyia muhtasari. Mwaka 1995 Stephen Turner, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, alitoa programu iitwayo Analog. Mwaka 1997 Mmarekani Bradford Barrett alitoa Webalizer, na mwaka 2000 Mfaransa Laurent Destailleur akatoa AWStats. Zote zilitolewa bure, zikaenea duniani. Hizi mbili za mwisho zilijitahidi kutenganisha mapigo, kurasa, na matembezi, yaani idadi ya mara ambazo wageni walikuja, wakazunguka, wakaondoka.

Lakini batli haiandiki kuondoka. Mgeni wa tovuti habishi hodi wala haagi, hunyamaza tu. Amemaliza, au anasoma pole pole, au amekwenda kunywa chai? Ilibidi itungwe kanuni: anwani ikinyamaza kwa muda fulani, kisha ikaomba tena, hayo ni matembezi mapya. Muda gani? Mwaka 1994 watafiti Lara Catledge na James Pitkow, katika chuo cha Georgia Tech huko Marekani, walichunguza kwa wiki 3 watumiaji 107, wakaona kwamba dakika 25 na nusu ni mpaka wa kufaa. Desturi ikageuza dakika hizo kuwa 30. Webalizer hufuata dakika 30. AWStats, isipobadilishwa, hungoja saa nzima. Kwa hiyo batli moja, ya mwezi mmoja, hata herufi moja isiguswe, huweza kutoa idadi mbili za matembezi, kila moja ikiwa imechapwa kwa wino mweusi bila ya kusitasita.

Turner alikataa njia hiyo. Analog yake haikutoa idadi ya wageni wala ya matembezi, na katika maelezo yake alieleza kinaganaga kwamba mambo hayo hayawezi kujulikana kutoka katika batli. Wengi waliotaka namba ya kupeleka kwa wakubwa wao waliliona hilo ni pungufu la programu. Mimi naona ni sifa yake kubwa.

Hoja yake ilikuwa na nguvu, nayo hutokana na vile vistari viwili visivyo na jina. Anwani si mtu. Katika maabara ya kompyuta ya shule, wanafunzi 40 huweza kutoka nje kwa anwani moja. Makampuni ya simu nayo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa sababu anwani za mtindo wa kale ni kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia ilimalizika kugawiwa Februari 2011. Kivinjari cha simu cha Opera Mini, kilichotoka Norway na kuenea ulimwenguni tangu 2006, Kenya ikiwamo, kiliomba kurasa kupitia seva za kampuni hiyo. Hivyo mtu aliyekuwa Kisumu na simu mkononi aliandikwa kwa anwani ya mashine iliyo mbali naye. Kwa upande mwingine, mtu mmoja huweza kutumia anwani tatu kwa siku, ya nyumbani, ya kazini na ya simu, akahesabiwa wageni watatu. Na wako wasioandikwa kabisa, kwani kivinjari huweka nakala ya ukurasa, na mtu akirudi kuusoma huonyeshwa nakala ile, seva isipate habari.

Kisha wako wageni wasio watu. Juni 1993 Matthew Gray, katika chuo cha MIT, alitengeneza programu iliyotembea yenyewe kutoka tovuti hata tovuti ili kupima ukubwa wa mtandao. Ilipata tovuti 130. Mwishoni mwa mwaka zilikuwa 623. Ndugu zake, ambao huitwa roboti, wameongezeka mno. Baadhi yao hutumwa na injini za utafutaji ili mimi na wewe tuweze kuzipata kurasa, wengine hutafuta seva zenye milango dhaifu. Mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza faili la kuwaambia wasiingie wapi, nalo hutiiwa na wale wenye adabu. Katika batli, roboti huandikwa sawasawa na binadamu. AWStats ilijaribu kuwaweka kando kwa kuyatambua majina yao. Asiyetaja jina lake la kweli hupita akihesabiwa kuwa mtu.

Tufanye hesabu, msomaji, chukua kalamu. Tuseme shule moja ina tovuti iliyojengwa kwa michango ya wazazi, na ripoti ya mwezi yaonyesha mapigo 12,000. Mwalimu mkuu amepanga kuwaambia wazazi kwamba tovuti ina wageni 12,000. Ondoa kwanza mapigo 3,600 ya roboti, yabaki 8,400. Kila ukurasa una picha 9 na mafaili 4 ya mapambo, pamoja na ukurasa wenyewe ni maombi 14. Tukiziacha kando nakala za kivinjari, 8,400 kwa 14 ni kurasa 600. Katika hizo, 150 zilifunguliwa na karani wa shule mwenyewe alipokuwa akiandika matangazo, zabaki 450. Mgeni akifungua kurasa 3 kila ajapo, hayo ni matembezi 150, yaani 5 kwa siku. Wazazi walioahidiwa kwamba dunia nzima inaitazama shule yao wanastahili kuijua 5 hiyo kabla ya kuombwa mchango wa pili. Lakini usikimbilie kuidharau. Ikiwa mojawapo ya matembezi hayo ilikuwa simu moja iliyopitishwa mkono kwa mkono siku ya matokeo, huenda nyuma ya mstari mmoja walikuwako watu 20.

Kuanzia 2005, Google iliponunua kampuni ya Urchin na Novemba ya mwaka huo ikatoa Google Analytics bure, wenye tovuti wengi waliiacha batli kwa kazi ya kuhesabu wageni. Njia mpya huweka ndani ya ukurasa programu ndogo inayotoa taarifa kutoka kwenye kivinjari chenyewe, na alama ya kumtambua mgeni akirudi. Roboti wengi hawaiendeshi programu hiyo, na hapo hesabu hupona. Bali wako na watu wanaoizuia. Dakika 30 za kunyamaza zimehamia huko pia.

Batli imerudi kwa fundi, ambaye kwake haikupata kuwa na kosa: humo huziona 404 za kurasa zilizopotea, na nyayo za aliyejaribu kuvunja mlango usiku. Swali lililobaki ni la sheria. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba anwani, hata ibadilikayo, yaweza kuwa habari za mtu binafsi pale mwenye tovuti anapokuwa na njia ya kisheria ya kumfikia mwenye anwani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo hutaja vitambulisho vya mtandaoni miongoni mwa mambo yawezayo kumtambulisha mtu. Kwa hiyo seva nyingine sasa hufuta batli zao baada ya wiki chache, na nyingine hufuta tarakimu za mwisho za anwani kabla ya kuiandika, hivi kwamba mgeni wetu wa 192.0.2.15 huandikwa 192.0.2.0, pamoja na jirani zake 255.