Kukunja Mistari katika Nano

Upana wa herufi 80 uliotawala skrini za kompyuta kwa miongo mingi ulitokana na karatasi. Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi ya kutoboa yenye safu 80. Kadi zilipoachwa, kipimo kilibaki: VT100, mtambo wa skrini na kibodi uliotoka mwaka 1978, kwa kawaida ulionyesha herufi 80 kwa mstari.

Pico, programu ya kuandikia barua ndani ya Pine, mfumo wa barua pepe wa Chuo Kikuu cha Washington, ilikata mistari yenyewe. Mwandishi alipokaribia ukingo wa skrini, iliingiza alama halisi ya mstari mpya ndani ya faili. Kwa barua, hilo lilifaa sana. Kwa mafaili ya mipangilio ya mfumo lilikuwa hatari kubwa, maana katika faili kama fstab kila mstari ni agizo kamili. Ukikatwa katikati, kompyuta inaweza kushindwa kuwaka.

Nano, programu ya kuhariri maandishi iliyoanzishwa na Chris Allegretta mwaka 1999 kwa kuwa leseni ya Pico haikuwa huru, ilirithi tabia hiyo. Kwa karibu miaka 20 wasimamizi wa mifumo walilazimika kuandika “nano -w”, au kuweka “set nowrap” katika nanorc, faili lake la mipangilio. Toleo la 4.0 la mwaka 2019 liligeuza utaratibu, uamuzi wa busara uliochelewa mno: mstari haukatwi tena mpaka mtumiaji aagize kwa “set breaklonglines”. Anayetaka tu kuuona mstari mrefu wote huandika “set softwrap”, nao hukunjwa kwenye skrini bila faili kuguswa.