Usimwachilie Sosiani: Ile Video Yangu Ilikuwa na Makosa

Wasee, ile video ya kobe nimeitoa. Walioiona mnakumbuka. Mama wa ploti ya jirani hapa Kapsoya aliniita nione mnyama aliyeachwa na mpangaji aliyehama usiku. Alikuwa ndani ya karai la kufulia, maji yamekuwa kijani, gamba limetoshana na kiganja changu, na nyuma ya kila jicho kuna mstari mwekundu kama amepakwa lipstiki. Watoto wa ploti walikuwa washampa jina, Ninja. Mimi nikatoa simu, nikaongea kama mtu anayejua: huyu ni kiumbe wa Mungu, kumfungia kwa karai ni dhambi, mpelekeni mto Sosiani mumwachilie akaishi maisha yake. Mioyo ikamiminika. Halafu dada mmoja akakomenti maneno manne tu: "Huyo si wa huku."

Hayo maneno manne yamenikalisha chini siku kumi na kitu nikisoma, na mimi ni msee aliyeacha chuo akisema amechoka kusoma. Nilichopata ndicho hiki.

Kwanza niwajibu walioandika kwamba kobe wa majini ni mambo ya wazungu. Sisi na hawa wanyama tumejuana zamani sana, ila si kwa kufugana. Kuna kitabu cha safari kinaitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza na mfanyabiashara aliyekuwa akitokea Misri. Anataja soko la Rhapta huku Afrika Mashariki, na kati ya bidhaa zilizotoka hapo, pamoja na pembe za ndovu na za kifaru, ni magamba ya kasa. Anasema yalikuwa na soko zuri, yakishindwa tu na ya India. Anataja pia kisiwa kinachoitwa Menouthias, ambacho wataalamu mpaka leo wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia, ambako watu walitega kasa kwa vikapu vya kusukwa kwenye mkondo wa maji. Karibu miaka 2,000 iliyopita, manze.

Ndio maana Kiswahili kina maneno makali sana kwa wale wa baharini. Kasa ni wa baharini. Ng'amba ni yule mwenye gamba la thamani, lililotengenezewa vichana na visanduku. Hata samaki wa kumvulia kasa ana jina lake: taza, mwenye kinyonyeo juu ya kichwa. Wavuvi wa pwani walimfunga kamba mkiani, wakamwachilia, akajibandika kwa kasa, wakavuta wote wawili. Ukifikiria vizuri, aliyewekwa hai na kutunzwa ni taza. Kasa alikuwa nyama na gamba. Lakini wa maji baridi, wa mito na madimbwi? Huyo tumemwita tu kobe wa maji, tukamkopesha jina la yule wa nchi kavu. Hakuwa na bei, kwa hivyo hakuna aliyesumbuka kumpa jina lake.

Na si ati hatuna wetu. Kenya ina kobe wa maji wa asili, na njia rahisi ya kuwatambua ni shingo. Wetu wengi wanapoogopa hukunja shingo kando, kichwa kinalala chini ya ukingo wa gamba kama mtu aliyelalia kwapa. Ninja anavuta kichwa moja kwa moja ndani. Hizo ni koo mbili tofauti kabisa. Huko Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana, kuna kobe wa maji aliyepewa jina la kisayansi Pelusios broadleyi mwaka 1986, na makao yake yanayojulikana ni ziwa hilo. Kuna hata kobe wa kale, mabaki ya mifupa kutoka kaskazini mwa nchi, aliyepewa jina Kenyemys mwaka 1983. Jina la nchi yetu liko kwenye gamba la mnyama aliyeisha zamani, na shuleni hakuna mwalimu aliyenitajia.

Sasa Ninja. Hiyo mistari myekundu ndiyo kitambulisho chake. Jina la kisayansi ni Trachemys scripta elegans, na kwao ni Marekani, bonde la mto Mississippi. Swali lililoninyima usingizi ni moja: alitokaje Mississippi mpaka karai la Kapsoya?

Jibu linaanzia Louisiana. Huko watu walianzisha mashamba ya kobe, mabwawa yaliyojaa wazazi, mayai yanakusanywa, vifaranga wanauzwa. Katikati ya karne ya 20 vifaranga hao walijaa kwenye maduka ya bei rahisi ya Marekani, kila mmoja kama sarafu kubwa, ndani ya bakuli la plastiki lenye kisiwa kidogo na mnazi wa plastiki. Wengine walipakwa rangi na maua juu ya gamba. Mnunuzi hakuambiwa kwamba kifaranga huyo, hasa akiwa jike, anaweza kufikisha gamba la sentimita 25 na zaidi, na akitunzwa anaishi miaka 20, 30, wakati mwingine kupita hapo. Wengi walikufa ndani ya miezi michache. Nafikiri hapo ndipo watu walipata imani kwamba kobe wa bakuli ni mnyama wa maisha mafupi. Hakuwa na maisha mafupi. Alikuwa anauawa polepole.

Halafu watoto wakaanza kuugua. Kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili yoyote, na mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni. Mwaka 1975 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10. Hesabu ni ya kinyumbani kabisa: aliyepita hapo haingii mdomoni mwa mtoto. Shirika lao la chakula na dawa linakadiria marufuku hiyo ilizuia maambukizi kama 100,000 ya watoto kila mwaka.

Hapa ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Sheria iliacha mlango mmoja wazi. Kuwauza nchi za nje iliruhusiwa. Mtoto wa Chicago akakingwa, na mashamba ya Louisiana yakaendelea kuzalisha. Kati ya 1989 na 1997 zaidi ya kobe milioni 52 wa aina hii walitoka Marekani kwenda nchi nyingine. Milioni 52, karibu sawa na Wakenya wote wa leo. Sisemi kuna mtu alikaa chini akapanga kutudhuru, nasema tu kwamba kilichoonekana hatari kwa watoto wa pale kilibaki biashara halali kwa watoto wa kwingine, na sisi wa mitumba na friji za mkono wa pili hiyo stori tunaijua bila kufundishwa.

Na wakati ulikuwa mzuri kwa wauzaji. Ninja Turtles walitoka kama kitabu cha katuni mwaka 1984, wakaingia kwenye televisheni 1987, na sinema ikaja 1990. Ila mkumbuke stori yenyewe inaanzaje: kuna mtoto amebeba kobe wanne kwenye bakuli la glasi, bakuli linaanguka, wanaingia mtaro wa majitaka. Hata Leonardo na wenzake ni wanyama wa kufugwa waliopotelea kwenye maji ya watu.

Katika maisha halisi hawakujifunza karate. Walikua, bakuli likawa dogo, maji yakanuka, mtu akawabeba usiku mpaka kwenye bwawa la bustani. Ulaya waliota jua kwenye magogo ambayo kobe wa kule waliyahitaji, wakala chakula chao. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ukafunga milango ya kuwaingiza, lakini waliokuwa ndani ya maji walikuwa washazoea. Huko Asia kuna waumini wa Kibuddha ambao hununua mnyama sokoni na kumwachilia ili wapate thawabu, na kobe wengi wa Louisiana wakaingia mabwawa ya mahekalu kwa njia hiyo. Soma tena maneno ya video yangu. Kumfungia ni dhambi, mwachilieni. Nilikuwa nahubiri kitu hicho hicho, na mimi hata si Mbuddha.

Kuna mtu atasema Eldoret ni baridi, atakufa tu, mto hautadhurika. Kwanza hiyo si huruma tena. Pili, kwao Mississippi kuna majira ya barafu, na yeye huvumilia kwa kupunguza mwendo wa mwili na kukaa chini ya maji. Tatu, Sosiani haiishii Eldoret. Inaingia Kipkaren, Kipkaren inaingia Nzoia, Nzoia inaingia Ziwa Victoria, na kule si baridi.

Na Louisiana ilishatuletea mgeni mwingine. Mwaka 1970 kamba wekundu wa maji baridi, asili yao huko huko kusini mwa Marekani, waliwekwa Ziwa Naivasha kwa ajili ya biashara. Wakazaana, wakala mimea ya majini, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mayungiyungi na mimea ya chini ya maji ilikuwa karibu iishe. Gugumaji la Ziwa Victoria nalo lilisambazwa duniani kwa sababu lina ua zuri la zambarau, pambo la bwawa. Muulize mvuvi wa Kisumu kuhusu huo urembo. Japani ilipofikia kuchoka, tarehe 1 Juni 2023, iliwafunga hawa wawili pamoja, kobe wa masikio mekundu na kamba wa Louisiana: usiuze, usiagize, usiachilie. Lakini wenye nao nyumbani waliruhusiwa kuendelea kuwatunza. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo niliyoihitaji.

Kwa hivyo Ninja anabaki Kapsoya. Sasa kazi iko kwa baridi. Huyu anataka maji ya kama nyuzi 25, na asubuhi za hapa mnazijua, karai likilala nje unaweza kudhani ni la friji. Kobe hana joto lake mwenyewe. Maji yakiwa baridi halagi, na hata akila, chakula hakisagiki tumboni. Tumemwingiza ndani usiku, na maji tunayachanganya na ya moto kidogo kidogo mpaka hita ipatikane. Kitu kimoja Eldoret imebarikiwa nacho ni jua. Watu wa Ulaya hununua taa maalum za miale ya UVB ili gamba la kobe liwe gumu, sisi tunayo bure karibu na ikweta. Ila jua la kupitia dirishani halihesabiki, glasi inazuia hiyo miale. Mtoe nje asubuhi, umwekee jiwe au tofali apande akauke kabisa, na kivuli cha kukimbilia, na mtu wa kuangalia mbwa na kunguru.

Maji ya mfereji tunayaacha kwenye ndoo siku nzima klorini itoke. Mkate na ugali tumekomesha. Sukuma wiki anakula, omena mara moja moja, minyoo ya shambani anaikimbilia. Anakulia ndani ya maji, nje hawezi kumeza vizuri. Na watoto wa ploti sasa wananawa kwa sabuni kila wakimshika, na karai lake haliji tena karibu na vyombo. Hapo mama wa jirani amekuwa mkali kuliko sheria ya 1975.

Mkiokota kobe wa maji wa kwetu, yule wa shingo ya kando, hiyo ni habari nyingine. Huyo ni mnyamapori, kumfuga bila kibali cha KWS ni kosa chini ya sheria ya 2013. Muache alipo. Msicheze na hiyo: mwaka jana wa 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji shilingi milioni moja kila mmoja kwa sababu ya sisimizi. Sisimizi!

Mtoto anayempenda Ninja zaidi yuko gredi ya nne. Nimemwambia mamake kwamba huyu kobe anaweza kuwa hai mtoto akiwa na watoto wake. Akanyamaza kidogo, akauliza kama anakula mabaki ya kabeji.

Anakula. Sasa tunatafuta tangi la plastiki la lita 200 hivi, hata lililotumika, bora halivuji. Kama unalo na uko Eldoret, niandikie inbox, naja kulichukua mwenyewe na mkokoteni.