Kutoka vibarua hadi waandishi: miaka 90 ya visukuku vya Laetoli na Kakesio

Kakesio ni kata ya wafugaji katika Wilaya ya Ngorongoro, juu ya uwanda unaopakana na Ziwa Eyasi. Watalii wengi hawafiki huko. Wao wakishaona faru ndani ya Kreta ya Ngorongoro huendelea na safari ya Serengeti. Lakini kwa wanaosoma miamba, Kakesio ni jina kubwa. Tabaka la chini kabisa la miamba ya eneo jirani la Laetoli hujitokeza hapo, na mabaki ya wanyama yaliyomo yana umri wa kati ya miaka milioni 3.8 na milioni 4.3 hivi. Kuanzia mwaka 1998, Profesa Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York alipita katika makorongo ya Laetoli na Kakesio akishirikiana na Amandus Kwekason wa Makumbusho ya Taifa la Tanzania.

Harrison hakuwa mgeni wa kwanza kuufikia uwanda huu. Historia ya wageni na wenyeji kukutana hapa kwa sababu ya elimu ilianza mwaka 1935, na mwanzo wake haukuwa wa haki sana.

Mwaka huo watafiti wa visukuku Louis Leakey na Mary, aliyekuja kuwa mkewe, walikuwa katika korongo la Olduvai. Mtu mmoja aitwaye Sanimu, mwenye asili ya Kimaasai na Kikikuyu, aliwaeleza kuwa upande wa kusini kuna mahali pengine penye mifupa iliyogeuka mawe. Wakaenda, wakaokota, wakaondoka. Miongoni mwa walivyookota lilikuwamo jino la chonge, likapelekwa London na kuhifadhiwa kama jino la nyani. Lilikaa kabatini zaidi ya miaka 40, hadi Mmarekani Tim White alipolitazama upya na kubaini kuwa ni la zamadamu, yaani kiumbe wa ukoo wa binadamu. Sanimu aliyewaonyesha njia anatajwa kwa mstari mmoja au miwili tu katika vitabu.

Akafuata Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, aliyekuwa akizunguka maeneo ya Eyasi huku akiandika pia ngano za Wahadzabe. Mwaka 1939, kando ya mto Garusi, alipata kipande cha taya la juu la zamadamu. Kikaenda Tübingen, Ujerumani. Vita Kuu ya Pili ikaanza mwaka huohuo, na Laetoli ikasahaulika kwa muda mrefu. Hadi hapo uhusiano ulikuwa wa njia moja: mifupa ilitoka, wala hapakuwa na shule, chuo wala kijana wa Ngorongoro aliyepata kujua imekwenda kusema nini huko Ulaya.

Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na Wakamba. Akina Leakey walikuwa wamezoea kuajiri vijana kutoka Ukambani, Kenya, na vijana hao wakawa mafundi wa kutambua mfupa katikati ya changarawe. Wenye shahada wengi hawakuwafikia kwa macho. Kamoya Kimeu ndiye aliyepata taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964. Mary Leakey aliporudi Laetoli mwaka 1974 alikuwa na kikosi cha aina hiyo, na mwaka huohuo Maundu Muluila akaona taya la chini lenye meno yake. Likapewa alama LH 4.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Mwaka 1978 wanasayansi Donald Johanson, Tim White na Yves Coppens walipotangaza aina mpya ya zamadamu, Australopithecus afarensis, jina walilitoa Afar, Ethiopia, yalikopatikana mabaki ya zamadamu aliyepewa jina “Lucy”. Ila mfupa rejea wa aina hiyo, ambao visukuku vingine vyote hulinganishwa nao, ni LH 4 wa Laetoli. Kwa hiyo kiumbe huyo ana jina la Ethiopia, ushahidi wake mkuu ni wa Tanzania, na aliyeuona ni Mkenya. Mary Leakey alichukia uamuzi huo, akataka jina lake, lililokuwa miongoni mwa waandishi, liondolewe kwenye andiko. Liliondolewa. Jina la Muluila halikuwa na pa kuondolewa, maana halikuwekwa miongoni mwa waandishi.

Laetoli ina nyayo za kale pia, nazo ziligunduliwa kwa mchezo. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa wamemtembelea Mary walianza kurushiana kinyesi kikavu cha tembo. Mmoja wao, Mwingereza Andrew Hill, alipoanguka akikwepa, akajikuta uso wake u karibu na ardhi ngumu yenye vishimo. Vilikuwa alama za matone ya mvua na nyayo za wanyama, zilizogandishwa ndani ya majivu ya volkano. Sijui ni chuo gani kingekubali kuandika hilo kwenye sura ya mbinu za utafiti, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Serikali mbili zilikuwa zinagombea ndege na mabehewa ya treni, huku Laetoli kambi ya Mary, yenye mchanganyiko wa mataifa, ikiendelea na kazi. Mwaka 1978 Paul Abell, mwanakemia kutoka Marekani, aliona alama iliyofanana na kisigino cha mtu. Kambini kukazuka ubishi. Wengine walisema ni ya mnyama. Mary akampa kazi ya kufukua mfanyakazi wa kambi, Ndibo Mbuika, naye akarudi na habari za alama mbili, moja kubwa na nyingine ndogo. Baada ya hapo njia nzima ikafunuliwa: mita 27 hivi za nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, miaka milioni 3.66 iliyopita.

Baada ya kupigwa picha na kunakiliwa, nyayo zilifukiwa mwaka 1979 kwa mchanga na mawe ili zisiharibike. Mchanga huo ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, migunga ikakua, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo zilezile zilizokuwa zinalindwa. Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Getty ya Marekani zililazimika kuua miti hiyo, kufukua upya na kuchomoa mizizi mmoja mmoja. Safari hii mchanga wa kufukia ulichekechwa kwanza ili kuondoa mbegu, na yakawekwa matabaka ya vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi.

Kazi hiyo ilifanya pia jambo lililochelewa kwa miaka 60, nalo ni kuwauliza wenyeji. Mwaka 1996 wazee wa Kimaasai walialikwa, kiongozi wao wa kiroho, laiboni, akaongoza ibada ya kupabariki mahali hapo, na kondoo akachinjwa. Wataalamu walikuwa wameelewa kuwa kemikali na vitambaa haviwezi kulinda eneo ambalo majirani zake hawalitambui kuwa lao.

Wakati huo mabadiliko mengine yalikuwa yanaiva madarasani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Mtanzania Audax Mabulla alikwenda Chuo Kikuu cha Florida akarudi na shahada ya uzamivu. Mtanzania mwenzake Charles Musiba aliandika tasnifu yake kuhusu Laetoli katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1999, kisha akawa profesa Denver, Colorado, akileta wanafunzi wa Kimarekani Tanzania kwa mafunzo ya uwandani.

Matunda yalionekana mwaka 2016. Watafiti wa Dar es Salaam walikuwa wakichunguza ardhi ilikopangwa kujengwa makumbusho, ili kuhakikisha ujenzi hauharibu kitu, wakakuta nyayo nyingine mita 150 kusini mwa zile za Mary. Wakaungana na wenzao wa vyuo vya Italia. Mmoja wa waliopita pale alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165. Andiko lilipotoka, waandishi wawili wa mwanzo walikuwa Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, wote wa Dar es Salaam. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko hizo sentimita.

Kundi hilo halikuishia kwenye vipimo. Liliwauliza Wamaasai wa eneo hilo wanazielezaje nyayo hizo, nao wakasimulia habari za Lakalanga, shujaa mwenye mwili mkubwa aliyewasaidia kushinda vita dhidi ya majirani, na ambaye kila alipokanyaga aliacha alama nzito ardhini. Mwaka 2019 simulizi hiyo ilichapishwa katika jarida la kitaaluma la kimataifa, ikijadiliwa kama maarifa yenye hadhi yake.

Mwaka huo wa 2019 Musiba na wenzake wa Marekani walifukua tena alama zilizoonekana tangu 1976 na kudhaniwa kuwa huenda ni za dubu. Ili kupata uhakika, wenzake walipima nyayo za dubu wachanga huko New Hampshire. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2021: hazikuwa za dubu, zilikuwa za zamadamu.

Bado kuna pengo. Vijana wa Kakesio na wa kata jirani ya Endulen ndio hupita kila siku na mifugo kwenye makorongo haya, na macho yao hayana tofauti na yale ya Sanimu. Vyuo vinavyokuja na vibali vya utafiti, pamoja na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na Makumbusho ya Taifa, viweke sharti moja jepesi: kila msimu wa ufukuaji uwe na wanafunzi wa sekondari za eneo hili ndani ya shimo, wakishika brashi na daftari, na angalau mmoja wao asomeshwe hadi chuo kikuu.