Nishani za Mahujaji

Hapa kwetu Maramba, chini ya milima ya Usambara, atokaye Makka hutarajiwa na jamaa zake kuwaletea japo funda la maji ya zamzam na tasbihi, na Mkatoliki arejeaye kutoka Namugongo, Uganda, huja na chupa ya maji ya ziwa la huko pamoja na medali yenye sura za wafiadini Karoli Lwanga na wenziwe, walioteketezwa kwa moto tarehe 3 Juni 1886.

Wakristo wa Ulaya wa zama za kati walikuwa na ada iyo hiyo. Askofu Mkuu Thomas Becket alipouawa na mashujaa wanne wa mfalme ndani ya kanisa lake la Canterbury, Uingereza, tarehe 29 Desemba 1170, na kutangazwa mtakatifu mwaka 1173, mafundi walichonga kalibu za mawe, wakasubu kwa risasi na stani vichupa vya maji yaliyoaminiwa kuchanganywa na damu yake, mahujaji wakavitundika shingoni. Kisha zikaja nishani za kubandikwa kofiani, ambazo wengi walizigusisha kaburini ili zipate baraka. Waliozuru Santiago, Hispania, walijulikana kwa kombe la pwani. Na kule Roma, Papa Innocent wa Tatu aliwapa mapadri wa kanisa la Petro, mwaka 1199, haki ya kusubu nishani za Petro na Paulo.

Lakini iliyonigusa mimi kuliko zote ni nishani ya Canterbury yenye umbo la upanga ndani ya ala yake, kwani silaha ya dhuluma imefanywa pambo la kumtukuza aliyedhulumiwa. Na hiyo ndiyo imani ya msalaba wenyewe, uliokuwa chombo cha kuulia watu kabla ya kuipa misheni ya Magila, hapo Muheza, jina la Msalabani.

Mwaka 1538 Mfalme Henry wa Nane aliamuru kaburi la Becket livunjwe, na dhahabu na vito vyake vikaingia hazinani mwake. Nishani za risasi, zilizonunuliwa hata na fukara, hakuna aliyezitamani, nazo zimekuwa zikiopolewa katika tope la mto Thames, baadhi yake zikionyesha umbo la kaburi lile ambalo halipo tena.