Chama Kilichosahau Siku Yake ya Kuzaliwa

Kila Julai 1, Chama cha Kikomunisti cha China huadhimisha kuzaliwa kwake. Lakini Julai 1, 1921 hapakuwa na mkutano wowote. Baadhi ya wajumbe walikuwa bado safarini kwenda Shanghai, na kikao cha kwanza kilifunguliwa Julai 23.

Tarehe inayosherehekewa ilipatikana Yan'an, ngome ya chama, mwaka 1938, vita na Japani vikiwa vimepamba moto. Mao Zedong na Dong Biwu, waasisi waliokuwepo pale, walikumbuka mwezi tu. Siku yenyewe ilikuwa imewatoka. Ikachukuliwa siku ya kwanza ya mwezi, na mwaka 1941 Kamati Kuu ikaidhinisha. Hilo halina aibu. Watu walioishi wakiwindwa hawakuwa na nafasi ya kutunza shajara.

Kinachosikitisha ni hofu ile ya 1921 kufunikwa na simulizi la mashujaa watulivu. Wajumbe 13, wengi wao vijana, waliwakilisha wanachama wasiozidi 60 hivi nchi nzima. Walikutana katika nyumba ya kaka yake mjumbe Li Hanjun, kwenye mtaa uliokuwa chini ya Wafaransa. Usiku wa Julai 30 mtu wasiyemjua aliingia, akadai anamtafuta mtu fulani, akaondoka. Maring, Mholanzi aliyetumwa kutoka Moscow, akawaambia watawanyike upesi. Polisi walipofika walipekua nyumba nzima. Mjumbe Chen Gongbo, aliyebaki na mwenyeji, aliandika baadaye kwamba rasimu ya programu ya chama ilikuwa ndani ya droo, na polisi hawakuijali.

Usiku huohuo mwanamke aliuawa kwa risasi katika hoteli alikofikia Chen na mkewe. Chen alishtuka, akakimbilia Hangzhou. Miongo kadhaa baadaye, habari za mauaji hayo magazetini ziliwasaidia watafiti kupanga upya tarehe za mkutano. Tasnifu aliyoiandika Chen katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1924, iliyochapishwa 1960, nayo ilikuwa imehifadhi nyaraka za mkutano huo. Mtu huyu alikuja kushika wadhifa wa juu katika serikali ya vibaraka wa Japani, akauawa kwa kosa la uhaini mwaka 1946. Hata hivyo, historia ya chama haiwezi kuandikwa bila ushahidi wake.

Wengine nao walitawanyika. Zhou Fohai alifuata njia ya Chen, Zhang Guotao akahamia upande wa Chiang Kai-shek, hasimu wa chama, mwaka 1938, He Shuheng na Deng Enming wakafa kwa ajili ya mapinduzi. Jamhuri ya Watu ilipotangazwa Tiananmen mwaka 1949, kati ya wale 13 walikuwepo pale Mao na Dong tu.

Mkutano wenyewe wa 1921 ulimalizikia ndani ya mashua katika ziwa Nanhu, mjini Jiaxing, ingawa wanahistoria bado wanabishania siku. Mashua inayoonyeshwa leo ni nakala iliyotengenezwa 1959. Aliyependekeza ziwa hilo na kuikodi mashua ni Wang Huiwu, mke wa mjumbe Li Da, aliyekuwa akilifahamu eneo lile. Wanaume walijadili ndani, vipande vya mahjong vikiwa mezani kuwahadaa wapita njia, naye akakaa nje kulinda. Katika orodha ya wajumbe jina lake halimo.